Mteremko wa Niru

"Usiisugue sana," Sindano alimwambia mumewe. "Iache ikwaruze."

Mumewe hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, mwiko wa chuma mkononi, akinyunyiza saruji kavu juu ya ile mbichi na kuisugua kwa mizunguko mipana mpaka ikaanza kung'aa. Ndiyo kazi iliyompa jina. Kijiji kizima kilimwita Fundi Niru, kwa sababu hakuna aliyepiga niru kama yeye. Sebule aliyoimaliza yeye, ungeweza kujitazama sakafuni ukachana nywele. Jina alilopewa utotoni watu walishalisahau, hata mama yake mzazi hulikumbuka siku akiwa na hasira naye tu.

"Ikwaruze?" alisema. "Mke wangu, unataka watu waseme Niru ameishiwa?"

"Mimi ndiye nitakayepita hapo."

"Ndiyo maana naipiga vizuri. Ingekuwa ya mtu mwingine ningesawazisha kwa ubao nikaenda zangu."

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, wala si kwa ubaya. Niru angekuwa hampendi mkewe, mteremko ule wa zahanati ungetoka mbovu, na ungefaa.

Zahanati yenyewe ilijengwa juu ya msingi mrefu unaomfikia mtu mzima kifuani, maana uwanja ule ukinyeshewa hugeuka bwawa. Mlango ulikuwa mmoja, na mbele yake ngazi ndefu za kukata pumzi. Kamati ilikaa vikao hata wajumbe wakachoka kuonana, mwisho ikakubali kujenga mteremko wa saruji ili wenye viti vya magurudumu, wazee wa mikongojo na wajawazito wapande bila kubebwa. Nafasi ilikuwa finyu, saruji ilikuwa ya kubana, basi mteremko ukamwagwa juu ya zile zile ngazi. Ngazi zikazikwa. Na vyuma vya kushikilia pembeni? "Vitafuata," mwenyekiti alisema, na kila mtu akajua maana yake.

Sindano alikuwa mshonaji. Alishona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa miguu yake haikuwahi kukanyaga kitu tangu utotoni. Walimwita Sindano kwa kazi yake, kwa wembamba wake, na zaidi kwa ulimi wake. Sasa wembamba ulikuwa umekwisha. Tumbo lilikuwa limemjia mbele mpaka cherehani ikabidi ikae mbali, azungushe mkono ukiwa umenyooka. Hii ilikuwa mimba ya pili. Wakati wa ile ya kwanza wanaume walimbeba kupanda ngazi zile kwenda kupimwa, na karibu na mlango mmoja akateleza. Wakamwangusha. Kisha wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyeona haya, lakini kicheko ni kicheko. Sindano hakurudi tena. Uchungu ulipomjia alisema atazalia nyumbani, na mtoto akatoka ametulia, hakulia.

Kwa hiyo alikuwa na hofu mbili. Aliogopa kubebwa, na aliogopa kubaki nyumbani. Katikati ya hofu hizo kulikuwa na mteremko huu tu.

"Niru," alisema tena. "Nakuomba."

"Mama watoto, wewe nisimamie cherehani, saruji niachie mimi."

Akaendelea kusugua.

*

Siku ya kuujaribu jua lilikuwa kali na saruji imekauka. Niru alimsukuma mkewe taratibu mpaka juu barazani. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka linalotazamana na zahanati, alivua kofia akaupapasa mteremko kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Fundi, hii si zahanati tena, hii ni ikulu," alisema. "Shemeji, unasikia? Keshokutwa mgeni rasmi akija atakusukuma kwa mikono yake mwenyewe, utepe ukatwe, picha zipigwe. Uvae nguo ya kupendeza. Na utabasamu, shemeji, usituangushe."

"Wa kuangushwa huwa ni mimi," Sindano alisema.

Mwenyekiti alicheka sana, kwa kuwa hakujua acheke kiasi gani.

Nesi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, kadi ya kliniki mkononi. Alimgeukia Niru. "Mgonjwa wako anaendeleaje? Anakula? Mtoto anacheza?"

"Anacheza," Sindano alijibu. "Lakini gurudumu limeniserereka pale katikati. Kidogo tu. Na hapa ni pakavu."

"Mwambie mkeo asiwe na wasiwasi," nesi alimwambia Niru. "Hofu hupandisha presha. Na akisikia uchungu tu, mlete haraka. Safari hii sitaki kusikia habari za kuzalia nyumbani. Njia yake ikiwa nyembamba vile, damu ikimwagika huko nani ataizuia?"

"Nesi, miguu ndiyo haifanyi kazi. Masikio ni mazima."

Nesi aliinamia kadi akaandika kitu. Niru alimgusa mkewe bega, ishara ya yaishe, na Sindano akageuza uso. Akatazama chini. Mteremko ulikuwa unang'aa hadi ukaonyesha mawingu.

Mama yake Niru, aliyekuwa amekaa juu ya lundo la mchanga uliobaki, alimsikiliza mwenyekiti akimwaga sifa hadi akachoka. "Mgema akisifiwa," alisema, akitema ganda la muwa, na hakumaliza, maana kila mtu anajua tembo huishia wapi.

*

Mvua ilianza alfajiri ya siku iliyofuata, nayo haikuwa ya kubahatisha. Asubuhi ilipofika mtu wa jirani ungemsikia bila kumwona. Sindano alikuwa kitandani akijaribu kujigeuza pale chupa ilipopasuka na maji yakamlowesha mpaka magotini.

"Mama," aliita. Hakumwita mume, alimwita mkwe.

Mama mkwe aliinua shuka akatazama. Alikuwepo ile mara ya kwanza, na mikono yake ndiyo iliyompokea yule aliyetoka ametulia. Akairudisha shuka polepole. "Niru," alisema, "toa kiti nje. Sasa hivi."

Njia nzima Sindano alijifunika turubai, akashikilia tumbo kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine. Magurudumu yalizama kwenye tope, Niru akayanyanyua, yakazama tena. Mama mkwe alitangulia akitafuta palipo pagumu kwa fimbo. Uchungu ulikuja, ukaenda, ukarudi kabla hajamaliza kushukuru. Aliogopa hata kusema jinsi unavyokuja kwa kasi.

Walipofika zahanati, Niru alisimama.

Maji yalikuwa yanateremka juu ya niru yake kama juu ya sahani iliyopakwa sabuni. Utepe mwekundu wa mgeni rasmi ulikuwa umefungwa juu barazani, umelowa, unalegalega. Nesi alitoka, akawaona, akaweka mguu mmoja kwenye mteremko ili ashuke. Mguu ukaondoka wenyewe. Alikaa kwa kishindo, akageuka, akarudi barazani kwa mikono na magoti.

"Kaa hapo hapo, nesi," Niru alisema. "Namleta."

Alirudi nyuma kidogo, akashika vishikio, akasukuma kwa nguvu zote. Kiti kilipanda. Kikapita robo, kikakaribia katikati, na Sindano akaanza kuamini. Kisha akasikia pumzi ya mumewe ikikatika, na mikono nyuma yake haipo. Niru alikuwa amekwenda chini kwa magoti. Kiti kilisimama kana kwamba kinafikiri, halafu kikaanza kurudi nyuma.

Sindano alizikamata tairi kwa viganja. Zilikuwa zimeganda, hazizunguki, na bado kiti kilikuwa kinakwenda. Hilo ndilo lililomtia hofu ya kufa, kwamba ameshika barabara na kushika hakusaidii. Aliona paa la zahanati likimkimbia. Hakupiga kelele kwa kuwa hakuwa na pumzi. Kiti kiliserereka mpaka chini, kikaingia mgongomgongo kwenye lundo la mchanga, kikainama upande mmoja, kikabaki hivyo.

Niru alifika akitambaa. Magoti yalikuwa yanatoka damu. "Umeumia? Umeumia?"

"Nisimamishe," alisema. "Kiti, kisimamishe."

Mama mkwe alikuwa ameshachota mchanga kwenye khanga. Aliumwaga kwenye mteremko, akachota tena, akamwaga tena. Mvua ikausomba mchanga wote na kuuteremsha hadi miguuni pake. Yule mama alitazama mchanga ukimrudia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukaonyesha hofu.

*

Mwenyekiti aliwaona kutoka dukani. Alikuja na mwamvuli, na nyuma yake vijana wawili waliokuwa wamejikinga kwenye veranda yake. Mbele ya watu wote alikanyaga mteremko kwa kiatu kizuri, akaanguka makalio chini, mwamvuli ukaenda zake. Siku nyingine kijiji kingekula hadithi hiyo mwezi mzima. Leo hakuna aliyecheka.

"Tumbebe," alisema akijiokota. "Huku pembeni. Nyinyi wawili mpokeeni miguu, mimi na Fundi mabega, tumrushe juu barazani. Ni dakika moja tu."

Vijana walisogea. Mkono wa mmoja ulipita chini ya mapaja ya Sindano, mkono wenye maji na tope, nao ukateleza hata kabla ya kuinua. Akili ya Sindano ikarudi kwenye ile ngazi ya juu alikoangushwa. Akasikia kile kicheko.

"Asiniguse mtu."

"Shemeji, huu si wakati wa..."

"Nimesema asiniguse mtu." Hakupaza sauti. Alisubiri uchungu umalize kumkamua, akawatazama mmoja mmoja. "Nani kati yenu amesimama imara hapa? Asimame kwa mguu mmoja nimwone."

Hakuna aliyenyanyua mguu. Tope lilikuwa limewameza hadi vifundoni, na mwenyekiti alikuwa bado amemshika kijana mmoja bega asianguke tena.

"Mke wangu," Niru alisema, "mtoto."

"Najua kuna mtoto. Ndani yangu, Niru, si ndani yenu." Alipumua. Kuna jambo hakuwaambia. Tangu kiti kigonge mchanga, mtoto alikuwa hajacheza. Alikuwa ametulia, na Sindano aliujua utulivu ule. Alibonyeza tumbo kwa vidole, upande huu, upande ule, akimwamsha kimyakimya. Hakuna kitu. Kinywa kilimkauka kwenye mvua yote ile.

"Uvunje," alisema.

"Nini?"

"Mteremko. Uvunje uso. Uukwaruze mpaka gurudumu lipate pa kushika."

"Shemeji," mwenyekiti alisema, "mgeni rasmi anakuja kesho! Nitamwambia nini?"

Niru hakumsikia. Alikuwa anautazama mteremko, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, watu wakiwa wamesimama hapo wakiuona. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeona aibu siku nyingine pia, lakini leo ilikuja na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Iache ikwaruze. Mkewe alimwambia. Alimwambia na akamwomba, naye akamjibu habari za cherehani.

"Nesi," aliita. "Gunia langu la vifaa liko stoo. Nirushie."

Gunia lilitua kwenye tope. Niru alitoa nyundo na tindo, akapiga magoti chini kabisa, akapiga. Saruji ngumu ilirusha chembe nyeupe, ikabanduka kama gamba. Akapiga tena. Kila pigo lilimwingia Sindano mifupani. Alipenda ule mlio na akauogopa, maana ulikuwa wa polepole na uchungu haukuwa wa polepole.

"Usivunje kote," alimwambia. "Fuata njia ya magurudumu. Huku kushoto, na huku. Katikati uchonge mistari ya kushikia miguu yako."

"Hapa?"

"Sogea nje kidogo. Hapo. Usiache pengo, nikikuta palipo laini ndipo nitakaporudi."

Nesi alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa baraza, khanga ya mtu kichwani, akimwinamia Sindano. Sasa hakumuuliza Niru. "Dada yangu," alisema. "Nitazame mimi. Unasikia kusukuma?"

"Nasikia. Sisukumi."

"Hivyo hivyo. Pumua fupifupi. Mtoto anacheza?"

Sindano alimtazama, mvua ikimwingia machoni. Akabonyeza tumbo tena kwa vidole.

Nesi alielewa. "Fundi," alisema, na sauti ilimbadilika, "fanya haraka."

Vijana wakatafuta chochote kigumu. Mmoja akachukua jembe la bustani ya zahanati, mwingine jiwe, wakaanza kuparua nyuma ya Niru. Hata mwenyekiti, baada ya kutazama huku na kule kana kwamba mgeni rasmi amejificha mahali, alivua koti akachukua kipande cha nondo. Wakavunja bila mpangilio, wakapanda, wakavunja. Mama mkwe alitafuta jiwe la pembe tatu, akalipima mkononi, akalikumbatia.

"Twende," Sindano alisema, kabla hawajamaliza. Hakuwa na subira iliyobaki.

Niru akasukuma. Kiti kilitikisika vibaya, kikapanda juu ya mabaki ya saruji yenye meno, na kila mtikisiko ulimchoma kiunoni. Aliushukuru kila mmoja. Palipotikisika, palishika. Kila Niru aliposimama kuvuta pumzi, mama yake aliinama nyuma na kuliweka lile jiwe chini ya gurudumu, kiti kikabaki palepale. Sukuma, jiwe. Sukuma, jiwe. Yule mama alipanda mteremko wote ule ameinama, bila kunyoosha mgongo.

Karibu na juu palikuwa hapajavunjwa. Gurudumu la kulia likaserereka. Sindano alilisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, akafumba macho. Jiwe likagonga, kiti kikasimama, na mikono ya nesi ikadaka vyuma vya mbele ikavuta.

Utepe ulimkaba kifuani. Hakuna aliyekuwa ameukumbuka. Sindano aliuvuta mdomoni akaukata kwa meno, kama anavyokata uzi kila siku ya maisha yake, na hivyo ndivyo mteremko ule ulivyozinduliwa.

*

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka rangi si yake, ametulia, na chumba kizima kikatulia naye. Mama mkwe alijiegemeza ukutani akaziba mdomo. Nesi alimpangusa, akamnyonya uchafu puani kwa mpira, akamsugua mgongo kwa kitambaa, kwa nguvu ambayo Sindano aliona itamvunja. "Msugue tena," Sindano alisema. "Usimwache. Msugue." Nesi hakumwacha. Ndipo yule mtoto akakunja uso, akakasirika, akalia, na nje kwenye baraza Niru akaketi chini kwenye maji akalia pia, mbele ya mwenyekiti na vijana wake, bila kujificha.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Sindano aliamka mtoto akiwa kwapani, akasikia mlio dirishani. Kwa muda hakuutambua. Kisha akaujua. Ulikuwa mlio wa mwiko wa chuma juu ya saruji mbichi, mizunguko mipana, polepole.

"Ing'ae kama mwanzo, Fundi," sauti ya mwenyekiti ilisema. "Hii aibu yote tuifukie. Mgeni rasmi yuko njiani."

Sindano alimwita nesi. "Niweke kwenye kiti."

"Dada, umejifungua jana tu."

"Niweke, nakuomba. Kabla haijakauka."

Nesi alimtazama, hakubishana. Alimsogeza, akampa mtoto mapajani, akamsukuma hadi barazani.

Niru alikuwa amepiga magoti kwenye nusu moja ya mteremko, nusu nyingine ikiwa imeachwa na vidonda vyake ili watu wapite. Alikuwa amejaza saruji mpya, na mkono wake ulikuwa unazunguka. Pembeni yake, kipande cha ukubwa wa mkeka mdogo kilikuwa kimeshaanza kung'aa. Aliinua macho akamwona mkewe. Mkono ukasimama.

"Nilitaka kusawazisha tu," alisema. "Mkono umezoea. Sikujua kama umeshaanza."

Sindano aliamini. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi, kwamba hakukuwa na ubaya wowote ndani yake, na bado angeimaliza.

"Nipe mwiko."

"Mke wangu..."

"Nipe, Niru."

Alimpa. Sindano aliupangusa tope kwenye upindo wa nguo yake, akauingiza chini ya paja, akaukalia. "Mwiko utakaa hapa mpaka umalize kazi."

"Sasa nitatumia nini?"

Nesi alikuwa ameshautoa ufagio wa njiti nyuma ya mlango. Niru aliupokea, akaugeuzageuza kama mtu aliyepewa chombo cha nchi nyingine. Akauburuta juu ya pale palipong'aa. Ukaacha mifereji mirefu, mibaya, iliyopinda.

"Itaonekana kama shamba," mwenyekiti alisema kwa huzuni ya kweli. "Mgeni rasmi atadhani hatuna mafundi."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mama mkwe alimjibu. Alikuwa amekaa palepale kwenye mchanga, lile jiwe la pembe tatu karibu na mguu wake. Hakuwa amelitupa. "Mwache apige."

Niru alikwaruza kutoka upande mmoja hadi mwingine, akapanda akikwaruza, mpaka akafika miguuni kwa mkewe. Akamtazama mtoto kwanza, kisha yeye.

"Inatosha?"

Sindano alijiinamisha polepole, tumbo likimuuma, akapitisha kidole kwenye saruji mbichi. Ilimkwaruza. Akatazama juu ya paa la duka la mwenyekiti, ambako mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika tena. Akamvuta mtoto karibu.

"Ongeza," alisema.

Niru akashuka chini kabisa, akaanza upya.